Anayepanga Foleni ya Miswada Ndiye Anayetunga Sheria

Julai 2016 Mahakama Kuu ya Tanzania iliamua kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya kutimiza miaka 18, vinakwenda kinyume cha Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja wa kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaubariki uamuzi ule ule. Bunge la 12 likaingia, likakaa miaka yake mitano, likavunjwa mwaka 2025, na vifungu hivyo viwili vikabaki kama vilivyokuwa. Katikati ya hukumu hizo mbili, mwishoni mwa Juni 2017, Serikali ilipeleka Dodoma kwa hati ya dharura miswada mitatu iliyohusu madini na maliasili za nchi. Mwanzoni mwa Julai yote mitatu ilikuwa imekwisha kupitishwa.

Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria tunaguswa na mambo yote mawili kwa karibu kuliko Watanzania wengi. Dhahabu inachimbwa Geita, ng'ambo ya ghuba ukitokea Mwanza mjini, na mikoa ya Shinyanga na Mara haikosi kutajwa kila panapozungumzwa ndoa za utotoni. Sidai kwamba miswada ya madini haikustahili haraka, yawezekana ilistahili. Ninalotaka tulitazame ni kwamba jambo moja lilipita kwa siku chache na lingine likakwama kwa miaka, ingawa Bunge halikuwahi kukaa likapigia kura lipi litangulie. Uamuzi huo ulifanyika kabla ya mjadala wowote, katika hatua ambayo mwananchi haioni kwenye televisheni wala haisikii redioni, nayo ni hatua ya kupanga kipi kiingie ukumbini, lini, na kwa muda gani. Hoja yangu ni kwamba mamlaka makubwa ya kutunga sheria yako hapo, na kwamba kwa utaratibu wa sasa mamlaka hayo yako karibu yote mikononi mwa Serikali, bila mtu kulazimika kueleza sababu.

Tufuate safari ya muswada wa kawaida. Wazo huanzia wizarani, likapelekwa Baraza la Mawaziri, na likikubaliwa huko waandishi wa sheria wa Serikali huliandika kwa lugha ya kisheria. Muswada hutangazwa katika Gazeti la Serikali, kisha husomwa bungeni kwa mara ya kwanza, jina lake tu, bila mjadala. Spika huupeleka kwenye kamati ya kudumu inayohusika, nayo huwaita wadau watoe maoni. Ukitoka huko ndipo hupangiwa siku ya kusomwa mara ya pili, ambayo ndiyo siku ya mjadala wenyewe, halafu Bunge hukaa kama Kamati ya Bunge Zima na kuupitia kifungu kwa kifungu, husomwa mara ya tatu, na kwa mujibu wa ibara ya 97 ya Katiba hauwi sheria mpaka Rais aukubali.

Hatua tunazozishuhudia ni zile za mwisho, ambapo Mwenyekiti au Spika huwahoji wabunge na kutangaza kwamba waliosema ndiyo wameshinda. Lakini muswada uliofika hapo umekwisha kushinda mashindano magumu zaidi, ya kuingia kwenye ratiba. Ratiba ya mkutano wa Bunge hupitia Kamati ya Uongozi, inayoongozwa na Spika, ambamo hukaa pia wenyeviti wa kamati za kudumu, Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na Waziri Mkuu au mwakilishi wake kama kiongozi wa shughuli za Serikali bungeni. Kwa karatasi ni chombo cha Bunge. Kwa vitendo, kwa kuwa karibu kila muswada unatoka serikalini, na kwa kuwa Serikali ndiyo inayojua upi uko tayari na upi bado umelala wizarani, kinachobaki kwa kamati hiyo ni kugawa siku kwa mambo ambayo tayari yamechaguliwa na wengine.

Siku zenyewe ni chache. Mkutano wa bajeti huanza Aprili na kuendelea hadi mwisho wa Juni, na muda wake karibu wote huliwa na makadirio ya wizara moja baada ya nyingine. Inabaki mikutano mitatu mifupi, kwa kawaida mwanzoni mwa mwaka, kati ya Agosti na Septemba, na kati ya Oktoba na Novemba, kila mmoja wa wiki mbili hivi. Ndani ya wiki hizo kuna maswali ya kila asubuhi, maswali kwa Waziri Mkuu kila Alhamisi, taarifa za kamati, maazimio ya kuridhia mikataba ya kimataifa, na hoja nyingine. Ukitoa vyote hivyo, siku zinazobaki kwa ajili ya miswada zinaweza kuhesabika kwa vidole. Kwa hiyo kila muswada unaopangiwa siku umemsogeza mwingine nyuma, hata kama huo mwingine haukutajwa popote. Uhaba huo wa siku ndio unaoifanya ratiba kuwa jambo la kisiasa, nasi tumezoea kuiona kama kazi ya makarani.

Kisha kuna hati ya dharura, inayotiwa saini na Rais, ambayo huuwezesha muswada kuruka muda wa kawaida wa kutangazwa na kusubiri. Kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa Juni 2025, magari yalipanga foleni ndefu kusubiri kivuko, na gari la wagonjwa lilipotokea kila dereva alilipisha bila manung'uniko, kwa sababu king'ora kilisikika na mgonjwa alionekana. Hati ya dharura ina king'ora, lakini mgonjwa ni nadra kuonekana. Juni 2019, kwa mfano, ulipelekwa kwa hati hiyo Muswada wa Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Namba 3, uliogusa kwa pamoja sheria za makampuni, asasi zisizo za kiserikali, takwimu na filamu, miongoni mwa nyingine. Wadau walipata siku chache mno za kuusoma na kusafiri hadi Dodoma, na ukapitishwa kabla ya mwezi huo kwisha. Ni dharura gani iliyoyafika makampuni, asasi, takwimu na filamu kwa wakati mmoja? Huenda jibu lilikuwapo. Utaratibu haukumtaka mtu yeyote alitoe kwa maandishi ili wananchi walipime.

Muswada wa aina hiyo, unaobeba sheria nyingi kwa pamoja, una athari ya pili kwenye foleni. Jambo ambalo lingesimama peke yake lingeshindana na mengine kupata siku yake na lingejadiliwa kwa jina lake. Likifungwa pamoja na mengine manane, linapata nafasi ambayo lenyewe halikuigombania, na mbunge mwenye dakika chache za kuchangia analazimika kuchagua azungumzie lipi.

Kuna nchi na majimbo yaliyolishughulikia tatizo hili kwa namna nyingine, na mfano ninaoupenda zaidi unatoka mbali sana na ziwa letu. Nebraska ni jimbo la Marekani linaloishi kwa mahindi na ng'ombe, na bunge lake ndilo pekee miongoni mwa majimbo 50 ya nchi hiyo lenye chumba kimoja badala ya viwili. Lilianza kukaa kwa mfumo huo mwaka 1937, baada ya kampeni iliyoongozwa na Seneta George Norris. Lina wajumbe 49, wote wanaitwa maseneta, na wanachaguliwa bila majina ya vyama kwenye karatasi ya kura. Katika mwaka wenye namba witiri hukaa siku 90 za vikao. Katika mwaka wa namba shufwa hukaa siku 60. Miswada inayopelekwa ni mamia, na haiwezekani yote ijadiliwe.

Walichofanya ni kugawa haki ya kutanguliza. Kila seneta anaruhusiwa kutaja muswada mmoja kuwa wa kipaumbele chake katika mkutano wa mwaka huo. Kila kamati inaruhusiwa kutaja miwili. Na Spika anaweza kutaja hadi 25. Miswada iliyotajwa hivyo kwa kawaida hujadiliwa kabla ya mingine, na orodha yake, pamoja na jina la aliyeutaja kila mmoja, huwa wazi kwa umma. Spika bado ndiye anayepanga upi uingie siku gani, kwa hiyo hajanyang'anywa kazi yake, ila anachagua kutoka kwenye kapu lililojazwa na watu wengi. Kila muswada pia hupewa siku ya kusikilizwa hadharani mbele ya kamati, hata ule ambao kila mtu anajua hautafika popote, na katiba ya jimbo hilo inakataza muswada mmoja kubeba mada zaidi ya moja.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba unamlazimisha mwakilishi kuchagua. Seneta anaweza kuleta miswada kumi na kuwaahidi watu wa jimbo lake mambo kumi, lakini ikifika tarehe ya mwisho anataja mmoja tu, na hapo wapiga kura wanaiona nafsi yake. Kwetu mbunge anaweza kurudi Ilemela, Sengerema au Ukerewe na kusema kwamba suala fulani amelipigania sana, na mwananchi hana pa kuhakikisha.

Mpango huo una kasoro zake, na zilijitokeza wazi mwaka 2023. Seneta Machaela Cavanaugh, akipinga muswada uliolenga kuwawekea vijana waliobadili jinsia mipaka ya matibabu, aliamua kurefusha mjadala wa karibu kila muswada uliofika mbele, wiki baada ya wiki. Kanuni za Nebraska zinataka kura 33 kati ya 49 ili kuufunga mjadala wa namna hiyo, na kila kura ya kufunga inakuja baada ya saa nyingi za maneno. Siku zikayeyuka. Kamati zikaitikia kwa kuchukua mambo ya miswada mingine na kuyapakia ndani ya miswada michache ya kipaumbele, ili angalau yapate usafiri. Muswada alioupinga ulipita hata hivyo. Kwa maneno mengine, hata katiba yenye sharti la mada moja haikuzuia upakiaji pale siku zilipokuwa haba, na kipaumbele kilichogawiwa kwa usawa kiliweza kugeuzwa lori la mizigo ya watu wengine. Ninalitaja hili kwa urefu kwa sababu hapa kwetu mageuzi ya kanuni huuzwa kama dawa isiyo na madhara.

Majirani zetu wa ng'ambo ya ziwa wana njia iliyo karibu zaidi na tuliyoirithi sote kutoka kwa Waingereza. Bunge la Taifa la Kenya lina kamati ya shughuli za Bunge, na asubuhi ya Jumatano hutengwa kwa shughuli za wabunge binafsi. Uingereza yenyewe huendesha bahati nasibu mwanzoni mwa kikao, ambapo wabunge 20 hupata nafasi ya kuleta miswada yao, na Ijumaa 13 hutengwa kwa ajili hiyo. Katika mfumo huo Serikali bado ndiyo inayotawala ratiba. Imekubali tu kuacha kipande kidogo kwa wengine.

Mtu anaweza kusema, na ni hoja ya haki, kwamba Serikali iliyochaguliwa kwa ilani inastahili kuitekeleza, na kwamba kumpa kila mbunge haki ya kutanguliza muswada ni kulifanya Bunge kuwa soko. Ningeikubali hoja hiyo kwa urahisi zaidi kama tungekuwa na Bunge ambamo kambi mbili zenye nguvu zinavutana. Katika mabunge ya namna hiyo ratiba hutokana na mapatano: upinzani unadai siku zake, chama tawala kinatoa kidogo ili kipate kikubwa, na katika kuvutana huko baadhi ya mambo ya wananchi hupenya. Tangu uchaguzi wa mwaka 2020 Bunge letu lina chama kimoja kinachoshikilia karibu viti vyote. Hakuna wa kupatana naye. Nebraska, kwa njia tofauti kabisa na kwa sababu tofauti kabisa, ilijikuta pia na bunge lisilopangwa kwa mistari ya vyama, ikalazimika kutafuta kipimo kingine cha kuamua kipi kitangulie. Ilichagua mjumbe mmoja mmoja na kamati. Naona hapo ndipo tunapofanana nao kuliko tunavyofanana na London, na ndiyo maana nauchukulia mfano wao kwa uzito.

Hata hivyo, kuunakili kama ulivyo kungekuwa mchezo wa kuigiza. Ibara ya 99 ya Katiba yetu inalizuia Bunge kushughulikia mambo ya kodi na matumizi ya fedha za umma bila pendekezo la Rais lililowasilishwa na waziri, na ni mambo machache sana ya maana yasiyogusa fedha. Muswada binafsi wa mbunge unaruhusiwa lakini ni nadra, kwani kuandika muswada ni kazi ya wataalamu, na wataalamu hao wako upande wa Serikali. Mbunge wetu amezoea hoja binafsi, ambayo mwisho wake ni azimio, na azimio halimfungi mtu kama sheria inavyomfunga. Ukimpa mbunge wa Magu haki ya kutanguliza muswada mmoja leo, yaelekea hatakuwa na muswada wa kuutanguliza.

Kwa hiyo ningeanzia kwenye kamati. Kamati za kudumu zina makatibu, zina kumbukumbu, na zimeonyesha kwamba zinaweza kuathiri foleni zikitaka. Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote ulisomwa mara ya kwanza Septemba 2022, na ulitarajiwa kupita haraka. Ulirudishwa nyuma zaidi ya mara moja, swali kubwa likiwa ni fedha za kuwahudumia wasio na uwezo zitatoka wapi, na haukupitishwa hadi Novemba 2023. Huo mwaka na zaidi wa kusubiri uliufaa muswada. Kamati ikiwa na uwezo wa kusema "bado", sioni ugumu wowote wa kuipa pia uwezo wa kusema "sasa": kila kamati itaje, mwanzoni mwa kila mwaka, jambo moja ambalo sheria yake lazima ifike ukumbini kabla ya mwaka kwisha, na waziri anayehusika awajibike kuleta muswada au kueleza kwa maandishi kwa nini hakuuleta. Kamati inayohusika na sheria ingeweza kuitaja Sheria ya Ndoa mwaka 2020. Kama isingeitaja, tungejua ni kamati gani ya kuiuliza.

Na watu wa ziwani wangetaja nini? Nimewasikia wavuvi na wachuuzi wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, wakilaumu Bunge kwa mambo ambayo Bunge halikuyajadili kamwe. Sheria ya Uvuvi ni ya mwaka 2003, lakini kinachomkamata mvuvi si sheria hiyo bali kanuni zilizotungwa na waziri chini yake, zinazosema tundu la wavu liwe la ukubwa gani na samaki gani wasiguswe. Wakati wa Operesheni Sangara ya mwaka 2018, ambapo nyavu zilichomwa moto na wabunge wa Kanda ya Ziwa wakalalamika vikali bungeni, mabishano makubwa yalikuwa juu ya kanuni na utekelezaji wake. Kanuni hizo huanza kutumika zikishatangazwa, na Kamati ya Sheria Ndogo huzipitia baadaye. Hazisimami kwenye foleni yoyote. Mageuzi ya ratiba ya miswada yasiyogusa sheria ndogo yatamnufaisha mwanasheria wa mjini kabla ya kumfikia mvuvi wa Ukerewe, na kwa maoni yangu hapa ndipo penye kazi kubwa kuliko mahali pengine popote nilipopataja. Kamati ya Sheria Ndogo ingepaswa kupewa nafasi ya kudumu katika kila mkutano, na haki ya kuivuta kanuni moja hadi ukumbini ijadiliwe kabla haijaanza kuuma.

Kuhusu hati ya dharura sina mapendekezo mengi. Iambatanishwe na maelezo ya ukurasa mmoja, yanayosema ni madhara gani yatatokea muswada ukisubiri mkutano unaofuata, na maelezo hayo yachapishwe siku ile ile. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria zetu, kwa hiyo hata mtu wa Nyegezi ambaye hajawahi kumlipa wakili angeweza kuyasoma na kuyapima.

Hakuna kati ya haya kinachohitaji Katiba mpya. Ibara ya 89 inalipa Bunge mamlaka ya kutunga kanuni zake lenyewe, na mapendekezo ya kuzibadili hupitia Kamati ya Kanuni. Mkoa wa Mwanza una wabunge wa kutosha kuyaandika na kuyapeleka huko wakiwa pamoja, na mkutano wa Bunge usio wa bajeti ndio wakati wake, kwa kuwa ikifika Aprili siku zote zitakuwa zimeshachukuliwa.